Mtahini Aliyelala Kifudifudi

Kazi ya kwanza iliyonipa heshima katika Kitui niliifanya nikiwa nimelala kifudifudi, uso umeingia kwenye tundu la meza, macho yanatazama mchanga. Watu waliteremka kutoka vilima vyote kuja kutahiniwa nami, na wengi wao sijawahi kuziona nyuso zao. Niliwajua kwa miguu. Hata leo nikiwa sokoni naweza kuona kisigino kilichopasuka nikajisemea, yule nilimwangusha mtihani kule Tulia.

Nianze na jinsi nilivyofika mezani.

Baba na mama walifariki katika msimu mmoja, mimi nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, nyuma yangu wadogo watatu, na wiki tuliyomzika mama ndiyo wiki niliyoacha shule. Baba alikuwa na ndugu mmoja tu. Huyo baba mdogo aliishi kilima cha pili, mwenye ng'ombe na maghala yake, na kila mtu alitazamia kwamba atatuchukua. Alisimama mbele ya wazee akasema angependa sana, lakini kifua kinamsumbua. Akakohoa. Hatukuwa tumewahi kumsikia akikohoa kabla ya siku hiyo, wala hatukumsikia tena baadaye. Basi wazee wakachukua kigoda cha baba, kile cha miguu mitatu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia ila yeye, wakanikalisha. Nikawa baba wa nyumba ile. Miguu yangu haikufika chini vizuri.

Nilikwenda kutafuta kazi Kitui mjini. Nilibeba mawe ya barabara, na siku moja, nikiinua jiwe, kitu fulani kiunoni kiliondoka mahali pake. Nikapinda kama kiwiko. Mzee mmoja alikirudisha kwa vidole viwili, lakini tangu hapo mfupa ule ukashika tabia yake: kila nilipoinua debe la maji kwa mkono wa kulia, ulitoka; aliyejua kazi akiushika, ulirudi. Mawe hayakunifaa tena. Nikapata kazi ya kufagia dispensari, na jioni nilimsaidia Mswahili mmoja mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, ambaye ndiye aliyeninyooshea Kiswahili changu kwa kukataa kuniuzia sukari mpaka niiombe kwa maneno sahihi.

Ndipo akaja Bwana wa meza.

Alikuwa Mmarekani, amefikia misheni, lakini hakuwa padri wala daktari. Alikuwa fundi wa uti wa mgongo. Kwao, alisema, kuna shule ya kazi hiyo, na mtu hawezi kuifanya bila kutahiniwa kwa mikono mbele ya wakubwa. Aliamini magonjwa yote yanatoka mgongoni: homa, uziwi, hata hasira. Chifu alipomweleza kwamba haelewani na mke wake wa pili, Bwana alimshika shingo. Alikuwa na meza ya ngozi ya kukunja, yenye tundu la uso, ambayo wapagazi waliibeba kichwani kama jeneza la mtu mwembamba.

Aliposikia kwamba wilaya imejaa wakandaji na waunga mifupa ambao hakuna aliyewahi kuwatahini, hakulala. Alimwendea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kila siku, na nadhani Bwana Shauri alimpa ruhusa ili apate kunywa chai yake kwa amani. Amri ikatoka: kila mkandaji atahiniwe. Atakayepita atavaa shingoni bamba dogo la shaba. Asiye na bamba akigusa mfupa wa mtu, askari wa chifu watamkamata.

Bwana aliniona uani kwa dispensari nikiwa nimepinda kando ya debe langu.

"Wewe ngoja!" akapiga kelele. "Hapana nyooka! Ngoja kwanza!"

Akanizunguka kama mtu anayetaka kununua fahali. Akanilaza mezani, akabonyeza, mfupa ukalia ka! nikanyooka. Akaniambia niinue debe tena. Nikapinda. Akanirudisha. Tuliendelea hivyo mpaka saa ya chakula, yeye akizidi kufurahi. Mwishowe akanishika mkono kama watu wazima wanavyoshikana.

"Wewe hapana mgonjwa," akasema. "Wewe mtahini."

Hoja yake ilikuwa kwamba mgongo wangu ni kufuli, na kila mkandaji atakuja na ufunguo wake. Na kwa kuwa aliye nje hawezi kujua kwa hakika kama kufuli imefunguka, hukumu ingekuwa yangu. "Nani najua?" alipenda kusema, akijigonga kifua. "Iko ndani, huyo najua." Sheria zake zilikuwa chache. Mtahiniwa atumie mikono mitupu juu ya ngozi tupu. Mfupa ulie. Kisha mimi niinuke niseme mbele ya watu, amepita, au hajapita.

Tukaanza mahali paitwapo Tulia. Niliinua debe, nikapinda, wapagazi wakanilaza, na miguu ikaanza kuja. Mmoja alikataa kunigusa kabla ya kujua mimi ni mwana wa nani. Nilipomwambia alikaa chini akamlilia baba yangu, ambaye walikuwa wamecheza naye ngoma, mpaka zamu yake ikapita. Mwingine alinipanda mgongoni kwa miguu yote miwili akasema mikono yake ni ya watoto tu. Mmoja alibonyeza taratibu, mfupa ukalia vizuri sana, watu wakashangilia, nami nikajaribu kuinuka nikashindwa. Alikuwa amevunja kijiti kikavu kwapani.

"Hajapita," nikauambia mchanga.

"Mgongo gani huu!" akafoka. "Huyu si mtahini, huyu ni mgonjwa aliyepewa cheo!"

Watu walicheka, na mimi pia, ingawa kucheka kuliniuma. Bwana akaja akanirudisha, nikainua debe tena kwa ajili ya aliyefuata.

Siku tuliyokuwa tukifunga meza, mdogo wangu anayenifuata alifika Tulia kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Migwani. Alisimama mbali kidogo akijikuna shingo.

"Kaka, yule naye ameitwa kutahiniwa."

"Yule nani?"

"Mke wangu."

Hapo nilihisi mfupa ukitaka kutoka bila debe.

Inabidi nieleze. Mdogo wangu alikuwa ameoa baada ya miaka ya nzige, na mbuzi wa mahari niliwatoa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekalia kigoda. Kwa hiyo mbele ya desturi sikuwa shemeji wa yule msichana. Nilikuwa baba mkwe wake. Na kati ya baba mkwe na mkazamwana, kwetu, kuna nthoni, ile haya kubwa ya wakwe: haruhusiwi kutaja jina langu, wala kula nilipo, wala kunipita uso kwa uso njiani. Akiniona nakuja aliingia vichakani na mzigo wake. Mimi nami nilipaswa kukohoa kabla ya kuingia uani. Nilikuwa kijana ambaye ndevu zake hazijakutana kidevuni, na yeye alikuwa mdogo kwangu kidogo tu, lakini tulikimbiana kama swala. Akitaka kuniambia neno, alimwambia kuku.

"Kuku, mwambie mzee uji uko tayari."

Nami nilimwambia kuku kwamba mzee amesikia.

Sasa, msichana yule alikuwa na mikono. Nyanya yake alikuwa mkandaji, na alimfundisha tangu utotoni. Nzige walipotuachia mashamba ya vijiti, mikono ile ndiyo iliyolisha nyumba yetu. Aliyeteguka mguu alileta mtama. Mama aliyejifungua akiwa na kiuno kibaya alitumwa kwake na kibuyu cha maziwa. Mshahara wangu wa kufagia ulitosha chumvi tu. Kama asingepata bamba, wadogo zetu wangelala njaa, na hilo halikuhitaji kuelezwa. Na ili apate bamba, alitakiwa kumshika baba mkwe wake kiunoni, ngozi kwa ngozi, sokoni Migwani, siku ya soko.

Nilimwendea Bwana nikamwomba atumie mgongo mwingine siku hiyo. Alikataa. Watu wote watahiniwe kwa mgongo mmoja, alisema, la sivyo si haki. Nikamweleza nthoni kwa uwezo wangu wote. Alinisikiliza kwa huruma, akaniambia ninyooshe shingo, akaibonyeza pande zote mbili.

Migwani meza iliwekwa mbele ya duka, kwenye kivuli cha ukuta. Wazee walikuja na vigoda vyao, na baba mdogo akiwa mbele kabisa, ameshika mkia wa nyumbu wa kufukuzia nzi. Mtahiniwa wa asubuhi alikuwa mtu mwenye nguvu na hakuwa na kitu kingine. Aliniacha nimepinda zaidi kuliko alivyonikuta. Nikasema hajapita, kisha Bwana, badala ya kunirudisha kwanza, akaita anayefuata, maana nilikuwa tayari.

Miguu miwili ikaja mpaka chini ya tundu langu. Kifundoni palikuwa na bangili ya waya wa shaba ambayo mdogo wangu aliisuka mwenyewe. Ikasimama. Ikarudi nyuma hatua moja.

"Meza," ikasema sauti, "mwambie mzee nimekuja, lakini sina njia."

"Mchanga," nikajibu, "mwambie mama kwamba mzee naye hana."

Bwana akauliza kwa nini hakuna kinachofanyika. Wazee ndio waliomjibu, wote kwa pamoja.

Mzee mmoja mwembamba alishikilia kwamba nthoni ni ya macho. "Huyu uso wake uko shimoni. Mgongo hauna uso. Mtu hawezi kuona haya mbele ya mgongo."

"Mgongo wa baba mkwe ni baba mkwe mzima!" akajibu mwingine. "Au akikupa kisogo anakuwa jirani?"

"Afunikwe blanketi."

"Hapana blanketi," akasema Bwana. "Ngozi."

"Basi mumewe amshike, na mke ashike mikono ya mumewe."

"Bwana yake hapana tahiniwa leo," akasema Bwana kwa uthabiti, na kwa mara ya kwanza wazee walikubali kwamba ana akili.

Sauti iliyozishinda zote ilikuwa ya baba mdogo. Alikuwa amesimama, niliona viatu vyake vya ngozi ya ng'ombe vikikanyaga huku na huku mbele ya pua yangu. "Mkazamwana amshike baba yake kiuno! Sokoni! Mbele ya wauza tumbaku! Wakwe zetu watasemaje? Tutazaa nini hapa, mbuzi wenye vichwa viwili? Hapana! Msichana arudi nyumbani. Bamba ni shaba tu, haliliwi!"

Nilimsikiliza kwa muda mrefu. Mtu aliyelala amepinda ana nafasi ya kufikiri. Vile viatu vilikuwa vipya, na maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyoniamsha, kwa sababu kazi ya bamba lile ndiyo iliyokuwa ikiliwa kila siku nyumbani kwetu.

"Baba mdogo," nikasema kutoka tunduni. "Baba wa nyumba yetu ni nani?"

"Ni wewe! Ulikalishwa kigoda!"

"Nilikalishwa kwa sababu wewe kifua kilikuuma. Kifua kinaendeleaje?"

Watu walikuwa wamemsikia akipiga kelele tangu jua lichomoze.

"Kina nafuu," akasema polepole.

"Mungu asifiwe. Basi kalia kigoda wewe. Mpaka ng'ombe warudi jioni tu. Wewe ukiwa baba, mimi ni kaka wa mumewe, shemeji yake, na shemeji hana nthoni na mtu."

Niliona viatu vikigeuka kuelekea njiani. Viatu vingine vikavizibia njia.

"Kigoda ni cha ukoo," akasema yule mzee mwembamba, na nilisikia kwamba anafurahia. "Ndugu wa marehemu anaweza kukikalia. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, kama si kile kifua."

"Na nikikaa?" akauliza baba mdogo. "Nitakuwa na nini?"

"Watoto wanne na mkazamwana mmoja."

"Watakula kwangu?"

"Wakiona njaa kabla ya jioni, ndiyo."

"Wamekula asubuhi?"

"Hawajala," akasema mdogo wangu, ambaye tayari alikuwa anakimbia kwenda nyumbani kukileta kigoda.

Kigoda kilipofika, kikawekwa kando ya meza. Baba mdogo, nilivyosimuliwa baadaye, alikitazama kama mtu anayetazama maji ya mto ya baridi. Bwana, aliyekuwa amesimama kwenye jua muda wote huo, akaona watu wamemletea kiti. Akashukuru, akaketi.

Makelele yaliyotokea sijawahi kuyasikia tena. Wanawake walifunika vinywa. Wazee walimwinua Bwana kwa kwapa, yeye akicheka na kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza kwamba kwa kitambo kile alikuwa baba yetu. Baadaye kulikuwa na mzee aliyedai kwamba tungepaswa kumpa Bwana mbuzi, au yeye atupe. Hawakuafikiana ni nani ampe nani.

Kuona kigoda kikinyang'anywa na mgeni ndiko kulikomsukuma baba mdogo. Akaketi kwa kishindo. "Haya," akasema. "Mimi baba. Fanyeni upesi."

Bangili ya shaba ikarudi chini ya tundu. Halafu kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema nami bila kupitia kuku.

"Shemeji," akasema. "Kumbe una mgongo kama njia ya mbuzi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Nikukunje taratibu au nikukunje kama kaka yake mume wangu anayemaliza uji wote?"

"Ule uji unaletwa na kuku," nikasema. "Nilidhani ni wa kuku."

"Na kuku naye amechoka kutumwa. Vuta pumzi. Usijikaze, hakuna mwizi hapa. Huyu aliyekushika asubuhi alikuwa anatafuta nini, muhogo?"

Mikono yake ilikuwa ya moto. Ilianza mbali na mahali panapouma, kwenye paja, ikapanda kama mtu anayetafuta njia gizani kwa kugusa ukuta. Aliendelea kunidhihaki, ndevu zangu, namna ninavyokohoa langoni kama fisi mzee, nami nilikuwa nacheka, na katikati ya kicheko nikatambua kwamba maumivu hayapo. Sikujua yalitoka lini. Hapakuwa na ka! Hapakuwa na sauti yoyote.

Akaondoa mikono.

"Mimi hapana sikia," akasema Bwana. "Mfupa nasema nini?"

Sheria ilikuwa sheria; wengine Tulia walikosa bamba kwa ukimya mdogo kuliko huo. Mdogo wangu alikuwa ameshika mguu wa meza kama anaogopa itakimbia.

Nikainuka. Nilisimama wima, nikaenda kwenye debe, nikaliinua kwa mkono wa kulia. Nikangoja. Nikatembea nalo mpaka mwisho wa ukuta wa duka, nikarudi, maji yakinimwagikia mguuni. Mfupa ulikaa kimya mahali pake, kama ambaye hajawahi kusafiri.

"Amepita," nikasema.

"Lakini mfupa hapana lia," akasema Bwana.

"Bwana, ulisema anayejua ni aliye ndani. Mimi ndiye niliye ndani."

Alinitazama, akatazama debe. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Akatoa bamba mfukoni akamvika mkazamwana wangu shingoni, na vigelegele vikapanda mpaka nikashindwa kusikia mengine. Nilikuwa bado nimeshika debe, kwa furaha nimelisahau. Baba mdogo aliinama kutoka kwenye kigoda.

"Mwanangu," akasema, "weka debe chini, utajiumiza."

Nikaliweka. Ndiyo amri pekee aliyonipa akiwa baba yangu, na sina lawama nayo. Muda mfupi baadaye aliona vumbi njiani, akaruka juu akisema ng'ombe wamerudi. Walikuwa punda wa mfanyabiashara wa chumvi, na jua lilikuwa bado juu, lakini alikwisha kuondoka.

Bwana nami tulipanda lori kwenda upande wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi, ambako wakandaji walikuwa wanatungojea. Nililala mezani? Sikulala. Niliinua debe, nikasimama nimenyooka. Bwana akaniambia niinue mawili. Akaniambia niruke kutoka kwenye lori, nipige chafya, nibebe jiwe kama lile la zamani. Watahiniwa walinionea huruma wakatoa mashauri: mmoja alisema nisimuliwe habari mbaya. Bwana akajaribu kuutoa mfupa kwa mikono yake mwenyewe, akatoka jasho, ukakataa. Mwisho akavua shati, akalala mezani yeye. Mzee wa kwanza wa Makueni akamshika. Mfupa ulilia mpaka wapagazi wakasikia. Bwana alimpa bamba akiwa palepale, halafu akawapa na wengine wote waliobaki, bila kuinuka.

Nilimsindikiza mpaka stesheni ya Mtito Andei. Alipanda gari la moshi kiubavu, na kutoka dirishani alinipungia mkono, mkono peke yake. Sehemu nyingine za mwili hazikugeuka.

"Yule mama," akaniita, "mimi kosa mtahini, sababu yake!"

Nilirudi Migwani kwa miguu kipande, kwa lori kipande. Nilipofika langoni nilikohoa. Mkazamwana wangu alikuwa njiani na kuni kichwani. Akajitupa vichakani, na kilichoonekana kati ya majani ni bamba tu, linang'aa. Mlangoni palikuwa na kibuyu cha maziwa na kapu la mtama, na mtu wa kigeni aliyekaa akingoja, mguu umevimba. Kigoda kilikuwa mahali pake. Nikaketi.

"Kuku," ikasema sauti nyuma ya ghala, "mwambie mzee uji uko tayari."

Kuku alikuwa chini ya miguu yangu, anaokota punje zilizoanguka kutoka kwenye kapu. Nilimwambia amwambie mama kwamba mgongo umekaa. Hakuinua kichwa. Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi, ili kama kuku hataki kufikisha, maneno yafike yenyewe.